Maji ya Kalunde

Maji yanapokatika hapa Tabora, na siku hizi yanakatika mno, mkwe wangu huinama ndani ya pipa la uani akakwangua yaliyobaki chini kwa kopo. Krr, krr. Mlio ule hunitoa kitini. Wajukuu wanadhani bibi yao hapendi kelele, nao wanakosea, kwa sababu nimelea wavulana watupu na kelele nilishazizoea zamani. Tatizo ni kwamba mlio ule siusikii kwa masikio, nausikia kwa koo. Koo hukauka pale pale, ulimi ukanata juu, na pua ikaniletea harufu ya mafuta ya papa na kamba zilizolowa maji ya chumvi, harufu ambazo mtu wa Unyanyembe, huku bara, hana sababu yoyote ya kuzijua.

Mimi nazijua. Sogeeni niwaeleze nilizijulia wapi, ila nawaonya mapema msinionee huruma katikati ya maneno. Nikiona mtu ananitazama kwa jicho la "maskini wee", nanyamaza.

Nililelewa Kwihara na Bibi Nyamizi, mama mzazi wa baba. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba alikwenda Lindi kukata mkonge katika mashamba ya Wazungu, kama walivyokwenda vijana wengi wa kwetu enzi za Mwingereza, na baada ya kukaa sana huko akatuma neno kwa mtu aliyekuwa akirudi: amepata nyumba, tumfuate. Majirani wakamjia Bibi kumkataza. Mwanamke mzee anatafuta nini baharini? Bibi akawajibu kuwa yeye alifika pwani kwa miguu, chungu kichwani, wakati wao hawajazaliwa, kwa hiyo hawezi kushindwa kufika akiwa amekaa.

Na kweli alifika. Katika ujana wake alifuatana na Babu kwenye misafara ya pembe za ndovu iliyotoka kwetu kwenda Bagamoyo. Babu alibeba pembe begani, Bibi akabeba chungu, mkeka, na mtoto mgongoni. Misafara ilikwisha reli ilipofika, lakini kwa Bibi haikuwahi kwisha. Tulipopanda gari moshi pale stesheni ya Tabora, daraja la tatu, juu yetu kulikuwa na rafu tupu ya kuwekea mizigo, naye akakataa katakata kuweka wake. Mpagazi hauachi mzigo wake mahali asipoweza kuugusa, alisema. Akaukalia, na akaukalia hivyo hivyo mpaka Dar es Salaam.

Njiani, tulipoingia kwenye lile pori la vichaka vilivyosongamana upande wa Itigi, aliuliza hapa ni wapi. Wakamwambia. "Hamjui kitu," akasema. "Hapa wapagazi tulipaita Mgunda Mkali." Akachukua kibuyu chetu cha maji, akatoa mkono dirishani na kumimina kidogo. Upepo ukayarudisha yote usoni mwa karani mmoja aliyevaa shati jeupe.

"Mama, angalia basi," karani akalalamika, akijifuta.

"Nimeangalia, ndiyo maana nimemwaga," Bibi akamjibu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kalunde, kunywa." Kalunde ndilo jina langu, kwa hiyo nikakipokea kibuyu nikanywa. Bibi akanitazama kwa muda, halafu akaniacha nimalize kiu yangu.

Dar es Salaam tulikuta meli ya Lindi imekwisha ondoka, na nyingine haikujulikana ingekuja lini. Bandarini palikuwa na jahazi lililopakia sukari, sabuni na mabati ya Lindi, tayari kuondoka, ila mpishi wake alikuwa ametoroka. Nahodha alikuwa mzee mpole wa Kilwa, mwenye macho kama ya mtu anayesinzia. Bibi akamwendea na mzigo wake kichwani akamwambia, "Nitapika mimi." Nahodha akauliza kama amewahi kupika chomboni. "Nimepika njiani," Bibi akasema, "watu wamechoka na kuni mbichi. Wakala." Nahodha akautazama upepo, akawatazama mabaharia wake waliokonda, akasema tupande. Hivyo ndivyo bibi wa Kwihara alivyokuwa baharia. Msicheke. Alipewa kazi, na mahali pa kulala, na fungu la maji sawa na wanaume.

Kazi za chomboni zilianza baada ya sala ya alfajiri. Wawili walishuka kwenye ngama, mahali maji yanapojikusanya chini ya shehena, wakayateka kwa ndoo na kuyatupa nje, maana jahazi lile lilivuja kama yalivyovuja mengine yote. Wengine walikaa wameinyoosha miguu, wakishona tanga kwa sindano nene huku wakiwateta wake zao. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ulipandishwa kwa kamba na wimbo, na aliyeanzisha wimbo ni Shomari, kijana mwembamba mwenye sauti iliyozidi mwili wake. Mwanzoni Bibi aliusikiliza wimbo ule akatikisa kichwa. Kesho yake akawaitikia kwa kiitikio cha wapagazi, huku akikoroga chungu. Wakacheka hadi kamba ikataka kuwaponyoka. Baadaye walikuwa wakimwomba akirudie, na Shomari akajifunza kutuamkia "mwangaluka" ya Kinyamwezi kila asubuhi kwa lafudhi ya kuchekesha mno.

Jiko letu lilikuwa sanduku lililojaa mchanga, juu yake mafiga. Tulipika wali, papa mkavu na chai, na chombo kilipolala upande, Bibi alikishika chungu kwa mikono yote miwili na kukitukana kwa Kinyamwezi. Wanaume walikula kwenye sinia moja. Sisi wawili tulikula pembeni mwa jiko. Choo kilikuwa kisanduku kilichoning'inizwa nje, nyuma kabisa, bahari ikionekana chini ya makalio yako. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia Bibi kanga kama pazia. Alikuwa akitoka humo na hasira za siku nzima.

Aliyetawala hasa alikuwa Serahangi Mbwana, mkuu wa mabaharia, mtu mrefu mwenye ndevu za mvi zilizochongwa vizuri. Siku tulipopanda aliuliza, kwa sauti ya kusikika, kama wali wa mshenzi unaliwa. "Njaa itakujibu, mwanangu," Bibi akamwambia. Ikamjibu adhuhuri ile ile. Hata hivyo neno mshenzi halikumtoka mdomoni, na Bibi naye hakuacha kumwita mwanangu, ingawa mtu yule alikuwa na wajukuu.

Nimtendee haki lakini. Maji ya kunywa yalikaa kwenye fantasi, tangi kubwa la mbao karibu na mlingoti, na mwenye ruhusa ya kulifungua alikuwa yeye peke yake. Asubuhi na alasiri tulijipanga kila mtu na bakuli lake, akatuchotea kwa kata ya kifuu. Nahodha kata, baharia kata, mimi mtoto kata. Hakumpendelea mtu, hata nafsi yake.

Sasa sikilizeni habari ya kigae. Nyumbani Kwihara, Bibi hakunywa maji ya asubuhi kabla ya kuwamwagia wafu wake kidogo pale uani, kama walivyofanya kina bibi wengi wa kwetu. Alikuwa amefikiria mapema kwamba baharini hakuna ardhi, na wafu hawanywi kwenye ubao, kwa hiyo alisafiri na ardhi yake: kigae cha chungu kilichojaa udongo wa Kwihara. Kila asubuhi alikitoa mzigoni, akamimina tone la fungu lake juu ya udongo, akasema, "Kalunde, kunywa," ndipo naye akanywa. Mimi nikisikia jina langu nilikunywa langu. Shomari aliamini mle ndani kuna mbegu, akawa anachungulia kila mara aone kama imeota.

Yalikuwa majira ya malelezi, kaskazi imechoka na kusi haijafika. Tulipokwisha kuipita Mafia, upepo ukafa. Mkondo ukatuvuta nje na kuturudisha nyuma, nchi ikatoweka machoni. Tanga likaning'inia kama shuka lililoanikwa. Mbao ziliunguza nyayo. Watu waliokuwa wakiimba wakaanza kujibizana ovyo, na kushona tanga kukawa kazi ya kimya. Serahangi akapunguza maji: nusu kata asubuhi, nusu kata alasiri. Siku moja nikasikia kata ikikwangua ubao wa chini wa fantasi: krr, krr.

Asubuhi moja katika shwari ile, Bibi alipomimina tone lake, Serahangi akaja akasimama mbele yetu. Alikuwa amemwona siku zote, ila sasa tone lilionekana kubwa.

"Bi kizee, unamwaga maji."

"Namwaga yangu."

"Humu hakuna maji ya mtu. Yote ni ya chombo. Watu wangu wanakuona unanywesha udongo, na wao midomo imewapasuka. Kesho mmoja atanivunjia fantasi, nami nitamwambia nini?"

Alikuwa na haki, na hata kwa akili yangu ya kitoto nililiona hilo. Mabaharia walikuwa wamekwisha anza kukitazama kile kigae kwa macho mabaya. Angeishia hapo, labda Bibi angefikiri. Lakini akaongeza, "Ushenzi wenu muuache bara."

Bibi akasimama. Alimfika Serahangi kifuani tu.

"Tulipopita rasi moja huko nyuma, Nahodha alitupa wali na sukari baharini. Tena wali niliopika mimi. Sikumuuliza. Nilijua ana watu wake humo. Ninyi mnailisha bahari wali, mimi nikinywesha udongo nimekuwa mshenzi?"

Nahodha akakohoa, akageukia upande mwingine.

"Huyo Kalunde ninayemwita ni mwanangu wa kwanza," Bibi akaendelea, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nilimbeba mgongoni tukirudi kutoka pwani. Mgunda Mkali tulikuta visima vimekauka. Mkuu wa msafara alikuwa na maji kwenye viriba, akasema ni ya wanaobeba mizigo, na mtoto habebi mzigo. Nilipiga magoti. Akasema maji ni ya kesho. Mwanangu hakufika kesho. Tangu hapo, maji yakiingia mkononi mwangu, yeye anakunywa kwanza. Sijaomba ruhusa ya mtu, na sitaanza kwako."

Hapo ndipo nilipojua kwamba jina langu lilikuwa na mwenyewe kabla yangu. Niliona aibu, kisha nikaona wivu, nisiwafiche. Kila asubuhi nilikuwa nikiitikia wito wa mtu mwingine.

"Pole, mama," Serahangi akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Lakini watu wake walikuwa wakimtazama, na maji yalikuwa yale yale. "Kuanzia sasa utakunywa hapa kwenye fantasi, mbele yangu, uimalize yote nikiona. Hutaki, sikuchotei."

"Mimi si mbuzi wa kunyweshwa," Bibi akasema. Akarudi akaukalia mzigo wake.

Alasiri hakwenda kwenye fantasi. Asubuhi iliyofuata hakwenda. Alipika, akapakua, akaosha vyombo kwa maji ya bahari, na kila wito wa maji ulipotolewa aligeuza uso. Nilimpelekea bakuli langu akalisukuma: "Hilo ni lako. Kunywa." Shomari alimfichia maji kidogo ya fungu lake, Bibi akamfukuza. Nahodha mwenyewe alikuja kumbembeleza, akamwita dada, akamwita mama, akaondoka mikono mitupu. Midomo ya Bibi ikapasuka. Akatia chumvi mara mbili kwenye wali, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kukosea chungu. Kisha nikamsikia akiongea Kinyamwezi na watu ambao hawakuwamo chomboni, nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Ikiwa Bibi atakufa hapa, nilijiuliza, watamtupa majini, na mimi nitamfikia baba na mzigo na kigae?

Hofu yangu mimi haikai sana, hugeuka hasira. Ndivyo nilivyo mpaka leo, muulizeni yeyote mtaani kwangu. Nilipochotewa nusu kata yangu asubuhi ile, nilikuja nikakaa mbele ya Bibi, nikaliweka bakuli kati yetu.

"Sinywi," nikamwambia.

"Kunywa."

"Sinywi mpaka unywe. Mnyweshe huyo Kalunde wako. Mimi niache."

Akainua mkono anipige. Sikukwepa. Mkono ukakaa juu kidogo, ukashuka. Akageuza uso kuelekea baharini, nami nikageuza wangu upande wa pili, tukakaa hivyo kama wake wenza waliokosana. Jua likapanda. Mabaharia walipotupita walizunguka mbali, kana kwamba bakuli lile lingewauma. Najua kitu ambacho wengi wenu hamkijui: maji yana harufu. Nilikaa nikiyanusa. Mara mbili mkono wangu ulikwenda wenyewe, mara mbili nikaukalia. Jua la utosi lilipofika, mbao zilianza kupanda na kushuka bila wimbi lolote, na kichwa changu kikawa kizito, nikakilaza chini karibu na bakuli. Mdomo wangu ulikuwa umefumbuka. Nilitaka kuufumba nikashindwa.

Bibi aligeuka akaniona hivyo. Sijui aliona nini hasa. Nilichokiona mimi ni miguu yake, ile miguu yenye nyufa, ikisimama na kutembea kuelekea fantasi.

"Chota," akamwambia Serahangi.

Serahangi akachota kata nzima, siyo nusu. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akasimama wima, akamkazia macho yule bwana, akanywa kwa mafunda marefu, koo likipanda na kushuka mbele ya chombo kizima, mpaka akaigeuza kata juu chini tuone kuwa ni tupu. Akamrudishia. Serahangi akaitika kwa kichwa.

Akaja kwangu bila kufuta mdomo. Akapiga magoti, akakivuta kigae, na hapo ndipo nilipoona kwamba shavu lake moja limevimba. Pfff! Akayapuliza juu ya udongo, kama wazee wetu wanavyompulizia mtoto maji wanapombariki, na matone mengine yakaniangukia usoni.

"Kalunde, kunywa," akasema.

Sikuuliza anamwambia nani. Nikanywa bakuli lote.

Shavu lile kila mtu aliliona. Shomari alijificha uso kwenye tanga, mabega yakimtikisika. Serahangi naye aliliona vizuri kuliko wote, maana lilimpita pale pale puani, akageuka kufunga kifuniko cha fantasi, akachukua muda mrefu mno kwa kifuniko kidogo namna ile. Siku zilizobaki Bibi alikwenda kunywa mbele yake bila ubishi, akaondoka na shavu limejaa, na kila mara Serahangi akawa na shughuli na kifuniko. Neno mshenzi sikulisikia tena kinywani mwake. Bibi aliendelea kumwita mwanangu.

Mvua ndiyo iliyotuokoa, ikifuatwa na upepo wa kutoka bara. Tulitandaza tanga tukakinga maji, watu wazima wakilamba kamba kama watoto. Tukaingia Kilwa, tukajaza fantasi, tukafika Lindi. Baba alitukuta ufukoni, akamuuliza mama yake tumesafirije. "Mwanao mkaidi," Bibi akasema, akakataa apokewe mzigo.

Wakati fulani mchungaji wetu alinieleza kwa upole kwamba kuwamwagia wafu maji ni dhambi. Nilimsikiliza, nikamkaribisha chai. Msiniulize kama namwaga. Maji ni yangu.

Kwa miaka mingi niliihadithia safari ile kama ushindi wangu: Bibi Nyamizi, aliyewashinda mkuu wa mabaharia, nahodha na bahari, alishindwa na mimi. Nilijisifu hivyo mpaka mwanangu wa mwisho alipougua homa, akakaza meno, akawa ananitazama tu huku nimepiga magoti na kijiko cha maji mkononi. Nilimwahidi kila kitu. Ningeambiwa nitambae sokoni uchi ndipo afumbue mdomo, ningetambaa. Alifumbua usiku ule, akapona, na nilipokuwa nikilia pale sakafuni nikamwona tena Bibi akiinuka kwenye mzigo wake.

Hakushindwa na mimi. Mtoto wa kwanza alimlilia maji, na yeye hana. Wa pili alikuwa amelala mbele yake na bakuli lina maji, na kilichoyazuia yasishuke kooni mwake kilikuwa kiburi cha Bibi tu, kitu pekee ambacho hakuna mkuu wa msafara aliyewahi kumnyang'anya. Akakitoa. Alikitoa mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu waliomwita mshenzi, akabakiza kiasi cha shavu moja.